Kuku Arobaini wa Bigwa

Siku za kuchinja, kazi ya Mwanaasha Pazi ilikuwa kushika miguu. Mjomba wake, Mzee Mansuri, alikanyaga mabawa ya kuku, akavuta shingo nyuma, akasema bismillahi, akapitisha kisu. Na Mwanaasha, mtoto wa miaka minane, aliishikilia ile miguu ya njano mpaka ikaacha kupiga. Alijifunza mapema kwamba kuku hafi mara moja. Kuna kipindi kati ya kisu na utulivu, na aliyeshika miguu hukihisi chote mikononi.

Kuku hao ndio waliomsomesha. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume anayeulizwa habari za ada na sare ni mjomba. Basi kila Januari Mzee Mansuri alishuka kutoka mteremko wa Bigwa na matenga mawili ya kuku, akarudi mikono mitupu, na Mwanaasha akarudi bwenini Kilakala. Ila kulikuwa na miaka ambayo matenga hayakushuka. Alipokuwa na miaka kumi na minne, akiwa likizo, aliamka asubuhi akakuta mdondo, ule ugonjwa wa kuku, umeingia uani. Kuku thelathini walikuwa wamepinda shingo. Wengine walizunguka palepale, wengine wamelala ubavu wanapiga teke hewani kwa mguu mmoja. Mjomba hakusubiri wafe. Alichukua mchi wa kinu akawamaliza mmoja mmoja, machozi yakimtoka kwa hasira, na alipomaliza akaupiga ule mchi kwenye jiwe mpaka ukapasuka. Muhula ule Mwanaasha hakwenda shule.

Watu wengi wa milimani wameamka na asubuhi kama ile na wakaisahau. Yeye aliibeba mpaka Uingereza, akasomea virusi vya ndege, akarudi nayo. Alirudi wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa mitumba na redio za Dubai, viwanda vya mji vinapunguza wafanyakazi, na kituo kidogo cha utafiti wa mifugo alichoajiriwa, pembezoni mwa Morogoro, kikiwa na friza moja, darubini mbili na mkuu wa kituo, Dk. Jackson, ambaye kila Ijumaa aliwaambia watafiti wake kwamba hajui kama Jumatatu watakuwa na kazi.

Mwaka 1987 alikwangua kigaga cha ndui kwenye kishungi cha kuku mmoja wa mjomba wake. Ndani yake alikuta kirusi cha ajabu: kilistawi vizuri kwenye mayai ya maabara, lakini kuku aliyedungwa nacho hakuugua. Aliandika kurasa tano, zikachapishwa kwenye jarida dogo la mifugo. Mwalimu wake wa zamani wa Uingereza akamwomba kichupa kimoja. Akampelekea, kwenye barafu, kwa mkono wa padri aliyekuwa anasafiri.

Kilichofuata hakukitegemea. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanatafuta kitu cha kubebea jeni, yaani yale maelekezo madogo ya urithi, na kuyaingiza kwenye mwili wa mgonjwa uliozaliwa bila hayo. Kirusi cha ndui ya kuku kiliwafaa. Kikiingia kwenye chembe ya mwili wa binadamu hakiwezi kuzaliana humo. Kinaingia, kinashusha mzigo, kinakufa. Kila aliyekitumia, na kila aliyetumia kilichotokana nacho, alitakiwa aandike chini ya kazi yake ni nani alikipata mwanzo. Huko ndiko kunukuliwa, na watafiti hupimwa kwa huko kama ng'ombe wanavyopimwa kwa maziwa. Kufikia mwaka 1994 zile kurasa tano zilikuwa zimenukuliwa mara mia mbili na kumi na nne. Zilimjia barua za "Mpendwa Bwana Pazi" kutoka miji ambayo hakuijua. Dk. Jackson aliitaja ile idadi kwa kila mgeni aliyefika kituoni, akimwonyesha Mwanaasha kwa kidole.

Yeye hakuona furaha kubwa. Kirusi cha kuku wa mjomba kilikuwa kinajaribiwa kwa watoto wagonjwa wa damu ng'ambo ya bahari, na kuku wa mjomba walikuwa bado wanakufa kila mwaka kabla ya mvua. Akamwandikia mwalimu wake ombi moja tu: apachike jeni ya mdondo kwenye kirusi kile, amrudishie. Vichupa vitatu vilifika mwezi wa sita. Kama vitafanya kazi, kuku wa milimani watakuwa na chanjo. Alikuwa na mpaka Desemba kuthibitisha. Baada ya hapo wafadhili wangefunga mradi na friza ingezimwa.

Mjomba, mzee sasa, alikubali kuku wake arobaini wadungwe. Mama yake Mwanaasha, Bi Aisha, aliyeishi na kaka yake huyo boma moja, ndiye aliyewashika wakati wa kuwavisha pete za namba miguuni. Na kwenye banda la majaribio kituoni Mwanaasha aliweka wengine arobaini, weupe wote: ishirini waliochanjwa, ishirini ambao hawakuchanjwa. Hao wote, siku ikifika, wangetiwa mdondo mkali kabisa machoni. Nusu wangekufa. Ndivyo chanjo inavyothibitishwa, na hakuna njia nyingine ya upole zaidi.

Mtunza banda alikuwa Yunusi, Mzigua wa Handeni, mwembamba, mwenye baiskeli ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wazigua na Waluguru ni watani. Kwa miaka saba kila asubuhi alimwinamia Mwanaasha mlangoni.

"Shikamoo, mchawi wangu. Usiku umeruka salama?"

"Marahaba, mtumwa. Bei yako bado ni pishi ya mtama?"

Maana katika njaa za zamani Wazigua waliuzana kwa mtama, na Waluguru hawajawaacha wasahau. Dk. Jackson, ambaye kwao hakuna utani wa namna hiyo, aliwahi kumwita Yunusi ofisini kumwonya aache kumtolea daktari lugha chafu. Yunusi na Mwanaasha walicheka jambo hilo mwaka mzima.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, saa kumi na moja kasoro dakika kumi, Mwanaasha alimaliza kutia matone ya mdondo machoni mwa kuku wote arobaini. Yunusi alikuwa ameondoka tangu saa tisa na nusu. Desturi ya kituo ilikuwa kwamba banda likishatiwa ugonjwa, kitambaa chekundu kinafungwa mlangoni. Bila kitambaa, kuku wasiochanjwa ni kuku safi. Majaribio ya mwanzo yalipokwisha, wafanyakazi waligawana hao wakala. Mwanaasha alikuwa anavua glavu, kitambaa kikiwa mfukoni, mtoto wa jirani alipofika getini kumwambia kuwa Mzee Mansuri ameanguka akitoka kutawadha. Alifunga mlango, akaondoka mbio. Alipofika Bigwa mzee alikuwa ameshafunikwa shuka.

Walimzika Ijumaa baada ya swala. Watani walikuja, na Yunusi mbele yao. Aliruka ndani ya kaburi kabla ya maiti kushushwa, akajilaza chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka Waluguru wakiri kuwa mzee huyu alikuwa mkimbizi wa Kizigua aliyepotea njia. Watu walicheka huku wanalia. Kazi ya mtani ni hiyo, kuuvunja msiba usije ukavunja watu. Kisha akatoka, akaifuata baiskeli yake. Kwenye usukani walikuwa wananing'inia kuku sita weupe, hai, wamefungwa miguu. Mtani ana haki ya kunyakua mali ya mfiwa msibani, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Yunusi alikuwa amenyakua kuku wa mfiwa kutoka kwenye banda la mfiwa. Alichagua wasiochanjwa, wasio na dawa, wazuri kwa kuliwa.

Mwanaasha alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake. Aliwatambua kwa weupe wao. Alisimama.

"Yunusi, hao kuku ni wagonjwa. Warudishe."

"Mnamsikia?" Yunusi aliwageukia watu, mikono juu. "Mchawi anataka nyama ale peke yake. Hata kwa msiba wa mjomba."

Kicheko kilipanda mpaka kwenye migomba. Alirudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, akasema wametiwa mdondo, kwamba ni sumu, na kila alivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu hivyo hasa ndivyo mtani anavyotakiwa kujibu. Bibi mmoja alimvuta kanga akamkalisha, akamwambia amejibu vizuri. Na yeye akakaa. Angeweza kwenda kuwanyakua mikononi mwa Yunusi, akamwaibisha mtani mbele ya kaburi bichi la mjomba wake, jambo ambalo halijawahi kufanyika katika ukoo ule. Alikaa, akajiambia atawadhibiti jikoni. Alipofika jikoni wanne walikuwa wameshanyonyolewa, manyoya na matumbo yametupwa mtoni, na wawili waliobaki hai walikuwa wamepewa wageni wa vijiji vya juu, wakapande nao mlimani.

Siku ya tano mdondo ulianza kule juu. Siku ya kumi ulikuwa mteremko mzima. Wakati ule kuku ndiye aliyekuwa kila kitu: hospitali zilikuwa zimeanza kudai wagonjwa wachangie gharama, shule vilevile, na wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wanapanda mpaka vijijini na matenga. Sasa matenga yalishuka yamejaa mizoga. Watoto walivuta kuku kwa miguu na kuwatupa mashimoni. Mbwa walishiba mpaka wakawa hawabweki. Mwinjuma, jirani wa Bi Aisha, mnunuzi wa kuku, alipoteza sitini na wanne kwa siku tatu, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane na mkunga alikwisha kusema hatajifungua bila kisu cha hospitali.

Kuku arobaini wa marehemu Mansuri waliendelea kuparua uani. Hakuna hata mmoja aliyepiga chafya.

Mwanaasha alielewa alichokuwa anakitazama. Kwenye kituo majaribio yalikuwa yameharibika, kwa kuwa kuku sita walitoka. Lakini hapa palikuwa na jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulifanya: mlima mzima uliokufa, na boma moja lililochanjwa likiwa hai. Alichohitaji ni damu yao, ionyeshe kinga. Bila damu ni hadithi. Kwa damu, ni uthibitisho. Jumapili ya siku ya kumi na sita alipanda Bigwa asubuhi na vichupa na boksi la barafu, akamwagiza Yunusi amfuate na barafu nyingine.

Bi Aisha alishika miguu, yeye akatafuta mshipa chini ya bawa. Alikuwa amefika wa kumi na tatu Mwinjuma aliposimama kwenye ua wa matete, panga mkononi, na nyuma yake watu wanaume kwa wanawake, wapatao thelathini.

"Dada Mwanaasha, unawatoa nini hao kuku?"

"Damu, kaka Mwinjuma. Nataka kujua kwa nini hawakufa."

"Sisi tunajua kwa nini hawakufa."

Nyuma yake mwanamke akasema neno mumiani, si kwa kelele, kama mtu anayetaja jina la jirani. Mnyonya damu. Milimani neno hilo ni la zamani kuliko shule, na hapo palikuwa na msomi ameshika bomba la sindano lililojaa damu, kwenye boma la pekee ambalo mauti hayakuingia. Ua ukaanguka.

Fimbo ya kwanza ilimpata Bi Aisha mdomoni, akakaa chini akitema meno. Kisha wakawageukia kuku. Waliwakata kwa mapanga wakiwa wanaruka, wakawakanyaga, wakawashika miguu na kuwapigiza kwenye nguzo za nyumba. Mwanamke mmoja alimkaba kuku kwa mikono miwili huku analia na kumwuliza, kwa nini wewe, kwa nini wewe. Manyoya yalipaa kama moshi. Na Mwanaasha, mahali ambapo mtu mwingine angemkimbilia mama yake, alipiga magoti katikati ya miguu yao na kuanza kuokota kuku waliokatwa. Alikinga kichupa kwenye shingo iliyokuwa bado inapiga, akasoma namba ya pete, akaandika, akatambaa kwa mwingine. Kumi na saba. Ishirini na mbili. Walimwona, na kuona kwao kulizidisha hasira kuliko jambo jingine lolote asubuhi ile. Mtu aliteremsha mchi kwenye mkono wake wa kulia. Alisikia mifupa ya vidole ikivunjika, akahamishia kalamu kushoto. Ishirini na tisa. Thelathini na moja.

Hapo ndipo Yunusi alipoingia na baiskeli, boksi la barafu nyuma. Aliitazama damu, akamtazama Mwanaasha chini, akasimamisha baiskeli yake taratibu kwenye mgomba.

"Enyi wachawi," alisema, "siku hizi mnaua kuku kwa panga? Uchawi umewaishia?"

Hakuna aliyecheka.

"Basi sikieni. Kuku wa msiba niliwaleta mimi. Ugonjwa nimeuleta mimi, kwa baiskeli ile. Mwacheni huyu mama. Mkitaka kupiga, mpigeni mtani, ila mnajua mtani hapigwi."

Mwinjuma alimpiga bapa la panga shavuni. Yunusi aliyumba, akatabasamu, kana kwamba bado anawapa nafasi ya kuifanya iwe mzaha. Kisha wakamfunika.

Mwanaasha alikuwa na sentensi moja mdomoni. Kwamba Yunusi hakujua, kwamba kitambaa kilikuwa mfukoni mwake yeye. Ilikuwa fupi na angeweza kuisema. Aliangalia boksi lake, vichupa thelathini na moja, barafu inayeyuka, akalikumbatia kwa mkono mzima, akamshika mama yake kwa kiwiko cha ule uliovunjika, wakapita migombani mpaka barabarani. Nyuma yao palisikika fimbo, na fimbo kwenye mwili wa mtu haina mlio wa fimbo kwenye kuku. Yunusi hakupiga kelele. Mara mbili aliita jina lake, si mchawi, si mama. Aliita Mwanaasha.

Alifariki Jumanne, hospitalini, uso wake hautambuliki. Siku hiyohiyo Mwanaasha alipima damu. Kinga ilikuwepo kwenye vichupa vyote thelathini na moja, juu kuliko alivyowahi kuota. Zilikuwa namba nzuri kuliko zote alizowahi kuziona.

Dk. Jackson alizisoma akiwa amesimama. Alisema makala hii itanukuliwa kuliko ile ya kwanza, na kwamba limebaki neno moja la kuamua, jinsi kuku wa Bigwa walivyokutana na ugonjwa. Mwezi wa tisa ni msimu wa mdondo. Waandike kuwa ulikuwa mlipuko wa kawaida wa msimu, nani atabisha? Akiandika kuwa ulitoka bandani mwao, serikali itachoma kila kitu kesho yake. Mwanaasha alikubali. Aliandika hivyo kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa mtoto. Makala ikatoka, na wafadhili wakauongezea mradi mwaka mmoja.

Lakini kesi ya Mwinjuma na wenzake wawili iliposikilizwa mwaka uliofuata, yeye aliitwa kuwa shahidi. Wakili wao alijenga hoja yake juu ya maneno ya marehemu mwenyewe: kwamba Yunusi alikiri mbele ya watu thelathini kuleta ugonjwa, kwamba alikuwa mtia sumu, na watu waliofilisika walishikwa na ghadhabu. Mjane wa Yunusi alikaa benchi la mbele na wanawe watatu. Mjini walikuwa tayari wanaitwa watoto wa mtia sumu. Mkubwa aliacha shule kwa ajili hiyo. Kama mdondo ulikuwa wa msimu, kama makala ilivyosema, basi Yunusi alijisingizia, au alikuwa mwehu, au alileta sumu nyingine. Hapakuwa na namna ya makala kubaki ya kweli na Yunusi akabaki mtu mwema.

Mwanaasha alisimama kizimbani, vidole vya mkono wa kulia vimekauka vimejikunja. Dk. Jackson alikuwa nyuma, karibu na mlango.

"Ugonjwa ulitoka kwenye banda langu," alisema. "Niliwatia mimi, Alhamisi, saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Alama ya hatari nilitakiwa niifunge mlangoni, sikuifunga. Yunusi alichukua kuku aliodhani ni wazima, kwa desturi yetu. Hakujua."

Jaji aliacha kuandika. Alimuuliza kwa nini hakusema hivyo siku ile, uani, mtu akiwa hai.

"Nilikuwa nahesabu vichupa."

Hakuulizwa swali jingine. Mjane wa Yunusi alijifunika uso kwa mtandio, na yule mtoto mkubwa akamtazama Mwanaasha kwa muda mrefu, bila shukrani na bila msamaha. Mwinjuma alihukumiwa miaka saba, akapelekwa gereza la Kingolwira. Mkewe alikuwa amekwisha kufa tangu mwezi wa kumi, yeye na mtoto tumboni.

Amri ya kuteketeza ilifika kituoni siku ya nne baada ya ushahidi wake: vichupa vya kirusi, mayai, damu, daftari zilizogusana navyo. Pamoja na amri, kwenye mfuko uleule wa posta, ilikuja barua ya mwalimu wake wa Uingereza. Kurasa zake tano zilikuwa zimenukuliwa mara mia mbili na sitini na nane, na alikuwa anaalikwa kwenda kuzungumza mbele ya wataalamu wa tiba za jeni. Aliisoma mara moja, akairudisha ndani ya bahasha.

Dk. Jackson alisema kazi hiyo anaweza kuifanya mhudumu. Mwanaasha alisema hapana. Alivitoa vichupa kwenye friza kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, thelathini na moja vyekundu na vitatu vyeupe, akavipanga ndani ya lile pipa la chuma linaloua vijidudu kwa mvuke, akafunga mfuniko, akakaza skrubu zote sita. Ilimchukua muda, kwa mkono mmoja. Kisha akawasha, akavuta kiti, akakaa karibu mpaka joto likamchoma usoni, na mshale wa kipimo ulipofika mahali pake akaanza kuhesabu dakika.